Udongo Mweupe wa Jessy

Likasi, Jumapili baada ya misa

Kwa mdogo wangu mpendwa Delphine,

Pokea salamu zetu, wewe na wote wa nyumba yako huko Lubumbashi. Miguu yako inaendeleaje na mvua hizi? Sisi tunapumua. Bertin wangu anakohoa bado, lakini kazi ya machimbo ya chokaa ya Kakontwe haachi, na jioni anarudi mweupe kama mtu aliyelala ndani ya unga.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu simalizi neno.

Mwanao Jessy alifika Jumamosi ya juma lililopita, kama ulivyomtuma. Alitueleza yote: kwamba serikali itamlipia masomo ya urubani mpaka mwisho, na kwamba kampuni moja ya ndege huko Kinshasa itamchukua kama mwanagenzi. Ataanza kwenye karakana, kubeba vyombo na kuosha mabawa, kisha polepole atapanda kukaa kando ya rubani. Bertin alimtania kwamba serikali inayomlisha na kumrusha mwishowe itamchagulia na mke. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Unakumbuka uwanja wetu? Gracien wangu alikuwa anaokota chokaa kwenye buti za baba yake, anachora njia ya ndege kutoka mlangoni mpaka jikoni. Kila likizo Jessy wako alikuwa nyuma yake, mikono ameitanua. Gracien hakumruhusu kutua mbele yake hata siku moja. Alikuwa anapiga kelele: "Weye zunguka kwanza! Mukubwa anashuka mbele!" Na Jessy alizunguka pipa la maji akilalamika kwamba mafuta yake yanaisha.

Wakati wa Gracien hakukuwa na serikali ya kumlipia. Masomo yale yalikuwa ya watoto wa wenye pesa. Ndiyo sababu alienda na wenzake kuchimba malakiti, yale mawe ya kijani ya shaba, ili atafute ada, na shimo likamwangukia. Sasa msaada umekuja, umepita mbele ya mlango wangu, umeingia kwako. Sikuchukii, Delphine. Lakini Jessy alipotanua vidole kutuonyesha bawa linavyopinda, niliona vidole vya Gracien, na nilitamani kumwambia avirudishe.

Unajua kwetu mtoto hasafiri mbali kabla dada mkubwa wa mama yake hajampaka pemba kwenye paji la uso. Ule udongo mweupe alitupaka bibi, na hata padri amezoea kutuona nao. Jessy alipiga magoti. Nilimwambia pemba imeisha. Alicheka, akaniuliza: "Mama mukubwa, Kakontwe yote iko mweupe, weye tu ndiye unakosa?" Nilimjibu kwamba vumbi la chokaa si pemba, arudi siku nyingine. Aliondoka na paji tupu.

Kisha ukanipigia simu. Ulisema Jessy hataki kuondoka Alhamisi bila mkono wangu, kwamba afadhali nafasi yake apewe mwingine. Nikakujibu nina homa, siwezi kusafiri.

Sina homa. Na pemba haijaisha. Iko kwenye sahani ya kijani, nyuma ya picha ya Gracien. Niliitayarisha kwa safari yake ya masomo. Jessy aliponiuliza, nilikuwa naitazama. Nilitaka akose ndege, mdogo wangu. Juma zima nilitaka hivyo. Leo kwenye misa niliomba homa ya kweli inishike, nisiwe mwongo. Haikuja.

Jumatano nitapanda gari na sahani hiyo mapajani. Barua hii nimempa jirani anayekuja huko kesho, ili ikufikie kabla yangu, na hasira yako iwe imepoa kidogo nikigonga mlango. Usipike sana. Mwambie Jessy nitampaka, na nitampaka vizuri, kwa pemba ya kaka yake.

Nina ombi moja tu kwake. Siku atakayoshika ndege mwenyewe, kabla ya kutua, azunguke mara moja, kama mafuta yanatosha. Atajua anampisha nani.

Bertin anakusalimu, na anasema umfichie ile pilipili yako mpaka atakapokuja yeye pia. Kaa salama na watoto.

Yaya yako, dada yako mkubwa,
Simone, Mama Gracien