Jicho la Kipa

3 Machi

Kapteni,

Salamu nakupa kwa sababu tumefunzwa adabu, si kwa sababu moyo wangu uko sawa. Mama hajambo, ila miguu inamsumbua. Mimi ni mzima, na nimekasirika.

Jana nilikutana bombani na mama wa beki wenu wa kushoto. Anacheka mpaka maji ya ndoo yanamwagika, ananisimulia mlivyomdanganya daktari wa jeshi. Kwamba ulipimwa wewe kwanza, ukazikariri herufi za ukutani, ukatoka nje ukamkaririsha mdogo wetu mpaka naye akafaulu. Yeye anaona ni ujanja. Nusura nimmwagie maji yaliyobaki. Mtoto haoni jicho la kushoto tangu alipougua surua, na hilo unalijua, maana ni wewe uliyekuwa ukimshika mkono kuvuka barabara.

Uwanjani sawa. Mpira ukija upande ule, beki anampigia kelele, naye anaudaka, na hakuna mgeni aliyewahi kugundua. Lakini huko hamjaenda kucheza. Siku ile katibu wa klabu alipowaita mjiandikishe jeshini, wakati wa mapumziko ya mechi, ulijitokeza wewe kwanza, na timu ikakufuata kama ilivyozoea. Sasa nenda kwa mkuu wako ukaseme ukweli, arudishwe nyumbani. Mimi nafua mashuka ya hospitali. Najua vijana wanarudi vipi.

Dada yako

20 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako imenifikia na imenichoma. Sisi hatujambo, chakula kipo, na mdogo wetu amenenepa mashavu. Anakuamkia wewe na mama.

Usinione sina akili. Aliniomba mwenyewe, akagoma kula siku mbili. Alisema wenzake wote wakienda, yeye atabaki kudakia timu ya wastaafu? Nikashindwa kumkatalia. Mkuu wetu hapa anapenda mpira kuliko mshahara, ndiyo maana katuacha pamoja. Beki wa kushoto haachani naye. Wanalala kitanda kwa kitanda, na zamu ya lindo wanashika pamoja, beki upande wake uleule.

Tarehe kumi na nne mwezi ujao tunacheza na kikosi cha pili. Nikimtoa kipa sasa, mkuu atanila mzima, pengine atutawanye. Mechi ikiisha tu, nitasema. Nakuahidi, dada.

Mdogo wako

29 Machi

Kapteni,

Mama hajambo. Mengine ya salamu nayaacha.

Unaniahidi nini? Mtoto wa mama yuko vitani na jicho moja, wewe unapanga kikosi. Unaogopa mkuu wako akununie. Tangu ulipofungwa kile kitambaa cha unahodha mkononi hujawahi kukubali kuonekana umekosea, hata nyumbani, hata kwa chumvi kwenye mboga.

Mama anaamini mdogo wetu ni mpishi wa jeshi, kwa kuwa ndivyo mlivyomwambia. Kila anayebisha hodi anaambiwa habari za masufuria. Mimi nainamisha uso, nakunja nguo. Mmenifanya mwongo ndani ya nyumba yetu, na sitawasamehe upesi.

Nenda leo. Wakikufunga, ufungwe.

Dada yako

11 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua zako mbili za Mei nilizipata. Sikujibu kwa aibu.

Tulishinda moja bila. Alidaka penalti, mkuu akamkumbatia mbele ya watu wote. Nikajiambia nisubiri furaha ipoe. Kumbe mkuu wa kikosi cha pili alikuwa amempenda beki wa kushoto. Akamwomba, na mkuu wetu akamtoa, kama klabu zinavyopeana wachezaji. Kesho yake asubuhi beki akaondoka na begi lake. Nilisimama pale nikimpungia mkono, na bado sikusema. Nilimweka mtu mwingine kushoto kwa mdogo wetu, mgeni aliyeletwa badala ya beki, asiyejua lolote, maana siri ilikuwa ya timu.

Wiki ya tatu ya Mei tulikuwa tunavuka shamba mchana kweupe. Maadui walitokea kushoto. Sote tuliwaona, tukalala chini. Yeye alibaki amesimama, ananitazama mimi, anauliza, "Kuna nini?" Nilikuwa mbali, dada. Nilipiga kelele, lakini nilikuwa mbali.

Nimemzika kwa mikono yangu. Nimeomba nipangwe na wale wanaotangulia mbele. Huko hawakai sana. Msinisubiri.

Mdogo wako

25 Juni

Mdogo wangu,

Barua ya jeshi ilitangulia yako. Mama hali, halali, na bado ananiuliza mpishi alikuwa anafanya nini shambani.

Wewe ni mwoga. Uliogopa kusema kwa mkuu wako, sasa unaogopa kusema kwa mama, na umeona kufa ni rahisi zaidi. Nina hasira nawe mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nenda ukafute lile ombi lako. Ukweli wa jicho sijamwambia mama, na sitamwambia. Utakuja mwenyewe, utakaa mbele yake, utamweleza tangu zile herufi za ukutani. Akikupiga, utapigwa. Akikufukuza, nitakufungulia mlango wa nyuma.

Amebakiwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Nakukataza kufa.

Dada yako