Magige, Uliyelala Kabla ya Baba Yako

Kitendawili, Baba Scholastica! Aliondoka mtu na miguu yake miwili, ikarudi nyota ya shaba ndani ya kiboksi. Ungekuwepo ungejibu hata sijamaliza kutega: ni baba yako Mogesi, askari wa keya, jeshi la Waingereza, aliyepelekwa kwenye vita kuu ya pili akafia Burma.

Mwaka umeshazunguka tangu tukulaze hapa nyumbani, Magige, na nyumba bado inanizidi ukubwa.

Ulikuwa mpole hata kwa maksai wako. Mvua zikianza ulilima kwanza mashamba ya wajane, letu likawa la mwisho. Nikigomba, unacheka: "Mama Scholastica, wewe si una mume?" Ulikuwa unamkumbuka mama yako. Alizeeka si mke si mjane, maana mumewe hakuwa na kaburi.

Kila Jumapili uliisugua ile nyota na medali zake nyingine kwa majivu, ukazirudisha kashani. Ulitaka jambo moja tu: zizikwe badala ya mwili wake, ili nawe ukifa ulale pembeni ya baba, kama wanavyolala wana wote wa hapa kwetu. Kaka yako Nyamhanga, mwenye kauli ya mwisho, akakataa. "Huwezi kuzika vyuma ukasema umezika mtu."

Ulipozidiwa ulimshika mkono. "Kaka, baba tutamzika lini?" Akachukua fimbo, akaenda kutazama ng'ombe. Aliporudi tulishakufumba macho. Tukakuzika peke yako, kama mtu asiye na kwao. Hilo limenila mwaka mzima.

Tunakukumbuka mimi mkeo Bernadetha, wanao Scholastica, Steven aliyeko Sirari na Elieth, wakwe, wajukuu, na wale wajane uliowalimia. Hutatutoka moyoni maadamu tunapumua.

Na kaka yako pia. Jana mafundi walikuja kujengea kaburi lako. Nyamhanga alisimama hapo muda mrefu, ameegemea fimbo, hata tukataka kumletea kiti. Kisha akasema, akikuambia wewe, si sisi:

"Kesho, Magige. Kesho tutamzika. Tangu mtoto nalala sikio liko mlangoni, labda atapiga hodi. Nimechoka kumngoja."