Ukingo wa Kifuniko cha Mwaloni

Wisconsin,
Jumapili, mwanzo wa Machi

Kaka yangu Nels,

Pokea salamu zangu na za Mama. Za Baba zipo pia, ila hizo nitakueleza mbele zilivyo. Je, mikono yako imeizoea baridi ya Alaska na maji ya hicho kiwanda cha samaki? Huku theluji imeanza kuyeyuka uani, na Mama hajambo isipokuwa magoti. Simu yako haipatikani tangu majani yalipoanza kupukutika, kwa hiyo anwani nimeitoa kwenye kadi ya Krismasi uliyomletea Mama. Sitazunguka, kaka. Nakuandikia kukuomba urudi nyumbani, hata kwa juma moja, na uje mapema. Tafadhali usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho.

Gereji iko vilevile, imejaa mbao na haina nafasi ya gari. Jumamosi Bwana Duane bado anavuka barabara na kikombe chake cha kahawa, anakalia ndoo iliyopinduliwa na kumkosoa Baba. Majuzi alimwambia kwamba trei zake ni nzito mno, mgeni akipokezwa moja atadhani anafukuzwa. Baba akamjibu, "Nyamaza wewe, kiti chako cha mwisho kilimwangusha mchungaji!" Wakacheka mpaka wakakohoa.

Sasa mimi ndiye ninayeshika rauta, ile mashine ya kisu kinachozunguka ya kuchongea kingo. Nimeizoea sauti yake ya nyigu aliyekasirika, na shuleni wenzangu hunitoa vumbi la mbao kwenye nywele. Nilimtengenezea Mama ubao wa kukatia nyama, nikauchimbia mfereji pembeni ili mchuzi usimwagike. Mama amekataa kabisa kuukatia kitu. Ameutundika ukutani.

Baba alinifundisha kama alivyokufundisha wewe. Ubao uwe mbele yako, na ukingo wa upande wako uupitie kutoka kushoto kwenda kulia, ili kisu kipambane na mbao. Ukienda kinyume, kisu kinanyakua, mashine inakukimbia na mbao inachanika. Kanuni hiyo naijua kuliko sala ya chakula.

Unajua ninakoelekea, na najua hupendi kukumbushwa. Lakini lazima nilitaje lile sanduku la blanketi la Mama, la mwaloni wa Bibi ulioangushwa na dhoruba. Siku ile lilikuwa liende kesho yake kwenye maonyesho ya wilaya, ulibaki ukingo wa kifuniko tu, nao ukachanika mkononi mwako. Baba alipaza sauti mbele ya majirani, "Nels, nani kakwambia usukume hivyo?" Nawe ukajibu, "Ni wewe, Baba! Sasa hivi!" Baba akasema anayeharibu mti wa bibi yake husamehewa, lakini anayemsingizia baba yake asilale kwake. Bwana Duane akacheka, akasema kijana ana ulimi mwepesi kuliko mkono. Sote tuliona unajitetea tu. Ukaondoka jioni ileile.

Sasa nikupe habari za Baba. Ilianza kwa mambo ya kuchekesha. Asubuhi moja alimimina gundi ya mbao kwenye kahawa badala ya maziwa, na Bwana Duane akasema labda sasa maneno yake yatashikamana. Kisha akaenda duka la mbao, akashindwa kukumbuka njia ya kurudi. Mwenye duka ndiye aliyemleta, kamshika mkono kama mtoto. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, unaokula ubongo polepole. Zipo dawa za kuuchelewesha, za kuuponya hakuna. Akasema pia kwamba huenda ulianza miaka kadhaa kabla hatujauona. Neno hilo wakati ule halikunigusa.

Jumamosi moja, majuma mawili yaliyopita, nilikuwa naandaa ukingo wa rafu. Baba akasimama nyuma yangu, akaniamuru nianzie kulia niende kushoto. Nikamuuliza kwa adabu kama si kinyume chake. Akasema alikuwa akifanya kazi hii kabla sijazaliwa. Ni baba yangu, Nels, nikatii. Mashine iliruka, ubao ukachanika, kipande kikapiga kikombe cha Bwana Duane. Hakuna aliyeumia. Baba akautazama ule ubao, akanigeukia mimi, akapaza sauti, "Nels, nani kakwambia usukume hivyo?"

Maneno ni yaleyale, kaka, na sauti ni ileile. Bwana Duane alivua kofia yake. Alikaa nayo magotini, asiokote hata vipande vya kikombe, halafu akasema taratibu, "Mungu wangu. Yule kijana alikuwa anasema kweli."

Hukumsingizia. Ulimtii. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia gerejini siku ile, na sisi tukakufukuza wewe. Nilipomweleza Mama, aliketi sakafuni jikoni na mikono yake ikiwa na unga, akaliita jina lako. Anakuomba radhi. Bwana Duane naye anakuomba radhi, na amesema atakuja kukupokea uwanja wa ndege ukimruhusu.

Baba hawezi kukuomba radhi, kwa sababu haikumbuki siku ile. Anadhani umetoka kidogo tu. Kuna siku ananiuliza kama umesharudi kutoka shule. Kuna siku nyingine anaitazama picha yako kwenye friji, anauliza huyu kijana mzuri ni wa nani. Siku hizo zinaongezeka, ndiyo maana nimesema uje mapema. Lakini kifuniko hajakisahau. Msimu wote wa baridi amekuwa akikiunga kwa kipande kipya cha mwaloni uleule, na sasa umebaki ukingo. Nilipotaka kuupitishia rauta aliuzuia mkono wangu, akasema, "Huo ni wa Nels."

Nimechora mshale wa chaki kwenye meza ya kazi, kutoka kushoto kwenda kulia. Ukifutika, Bwana Duane anaukoleza. Baba anaufuata vizuri, anadhani kauchora yeye mwenyewe.

Mama anakubusu, nami nakukumbatia. Ukija pitia mlango wa gereji, hatuufungi. Baba akikuuliza nani kakwambia usukume hivyo, mjibu kama ulivyomjibu siku ile, kwamba ni yeye. Safari hii ukingo utatoka mzima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Marit