Rubi Tu

Ijumaa, 5 Julai 1957
Baridi. Nepi hazikauki, nimezitandaza karibu na jiko. Mtoto ananyonya vizuri. Bado hana jina.

Mama mkwe amefika kutoka Mugutha. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, kwa hivyo huyu angekuwa Wambui. Nilikuwa nimekubali. Nilikuwa hata nimeanza kumwita hivyo. Mama mkwe hakuketi. Akasema kwa Kiswahili, nisije nikajifanya sikuelewa: "Jina langu halibebwi na mtoto wa Mkamba." Akaenda zake. Chai imebaki mezani.

Mwanawe mkubwa yuko kizuizini, na askari wa serikali waliomchukua walikuwa Wakamba. Haya. Mimi nilishika bunduki? Mtoto wangu alishika? Huyu mama atanitambua.

Jumatatu, 8 Julai
Kliniki ya Thika. Mtoto ameongeza uzito. Sista Mzungu aliuliza jina, nikamwambia bado hana. Akasema mwezi huu una jiwe lake, rubi. Jekundu. Waswahili huliita yakuti. Jina lenyewe limetoka kwa Kilatini na maana yake ni wekundu tu, na kwao wasichana wengi huitwa hivyo. Watu wa kale waliamini lina moto ndani usiozimika, na anayelivaa adui hamwezi. Hapo kwa adui nikamwambia arudie.

Nimerudi nyumbani Ruiru nikilitaja njia nzima. Rubi. Tamu.

Jumapili, 21 Julai
Ubatizo. Mama mkwe alikaa benchi la pili na kitambaa kipya kichwani. Alidhani tutamwendea kumbembeleza. Mchungaji akauliza jina. Rubi. Akangoja la nyumbani, maana hapa kila mtoto ana mawili. Nikasema, "Rubi tu."

Wanawake wakageuka kumtazama yeye, si mimi. Nyanya asiye na wa kumrithi jina! Nilifurahi mno. Mume wangu Njoroge ametoka kanisani akatangulia nyumbani peke yake. Atangulie.

Jumamosi, 17 Agosti
Nasikia huko Mugutha wanamcheka mama mkwe mferejini wanapoteka maji. Wacha wamcheke.

Njoroge ndiye ananiudhi. Mwanamume wa kwao humwita binti mwenye jina la mama yake "maitu", mama yangu. Yeye anasema "huyu". Lete huyu. Huyu amelala? Kama ana neno si aseme.

Jumamosi, 12 Oktoba
Amekuja! Amekonda, anakohoa, na kiondo cha viazi vitamu mgongoni. Safari hii aliketi bila kukaribishwa. Anataka jina lake liongezwe, eti ameshaongea na mchungaji. Mwana mkubwa bado yuko kambini na hana mke, na mabinti hakujaliwa. Na binti wangu wa pili, Mungu akinipa, atabeba jina la mama yangu mimi. Hana kwingine.

"Nisaidie, mwanangu. Nikienda bila wa jina langu nimekwisha."

Mwanangu! Leo ndipo mimi ni mwanangu. Nilimweleza rubi ni nini, wekundu, moto, hadi adui. Akauliza adui ni nani. Nikamwambia ni yeye.

Nilingoja akasirike. Hakukasirika. Alimshika mtoto mguu, akauachilia, akaondoka polepole akishika ukuta. Viazi nimewagawia majirani, sitaki hata ganda lake humu ndani. Nitalala vizuri leo.

Jumatano, 6 Novemba
Mvua kutwa. Mama mkwe alizikwa jana Mugutha. Kifua.

Njoroge amerudi jioni na matope viatuni. Aliketi bila kuvua koti, akaomba mtoto. Nikampa. Mtoto akamchekea, akamvuta kidevu. Njoroge akafungua mdomo amwite maitu, akaufunga.

Nimeenda kuchochea moto. Ulikuwa unawaka vizuri tu.