Maneno ya Mwisho Hayasemwi Mazoezini

Leeds, 3 Machi 1974

Dada Edna,

Mimi mzima, goti tu linanisumbua kwenye ngazi. Miaka thelathini na minane nimefungua milango jukwaani nikiwa mtumishi, polisi, hata kasisi. Watu wanaikumbuka sura, jina hawalijui. Sasa nimeandika tamthilia yangu mwenyewe, na ni nzuri. Sijisifu. Nimecheza mbovu nyingi, kwa hiyo nazijua.

Maneno ya mwisho nimejipa mimi. Unaujua mwiko wetu waigizaji: hayatamkwi mpaka usiku wa kwanza, watazamaji wakiwepo, la sivyo mchezo utadoda. Kwa hiyo mazoezini nikifika hapo nasema, "Supu ya njegere," na pazia linashuka.

Jana Bridget, anayecheza dada yangu, alinijia juu. "Mzee wewe! Nakulilia kurasa sabini nzima, halafu unanipa supu?"

"Subiri Alhamisi, mwanangu."

"Na ukiyasahau je?"

"Hayo? Nimeyabeba miaka kumi na moja."

Wewe unajua ni kumi na moja tangu lini. Siku mama anazikwa nilikuwa Hull, jukwaani, namfungulia mlango mtu ambaye angeweza kuufungua mwenyewe. Uliniuliza kwenye simu kama nina la kusema, nikakata.

Ninalo. Hapa siwezi kuliandika, mwiko ni mwiko. Nimekuwekea kiti safu ya tatu, katikati. Usipokuja, nitalisema hivyo hivyo, nikikitazama hicho kiti.

Mdogo wako,
Cedric