Kirusi cha Pili

Ilemba, 27 Julai

Mwanangu Sharon,

Huku hatujambo, ila baridi imekaza. Mbuzi wako amezaa mapacha. Majirani wanasema nimekuwa mlokole kwa sababu sinywi tena pombe, hata ile ninayoipika mwenyewe siionji. Nimewaacha waseme.

Krismasi nilikukataza kuja, nikasingizia barabara. Ukweli ni kwamba macho yangu yalikuwa ya njano, sikutaka uyaone. Dawa za VVU nameza kila siku kama ujuavyo, lakini hospitali ya Sumbawanga walinikuta pia na homa ya ini aina ya C. Nikapewa vidonge vya miezi mitatu. Nilipovimaliza nikamwuliza daktari, "Sasa nimepona?"

"Tusishangilie bado, mama," akasema. "Kirusi hiki hukaa kwenye ini, lakini kwa wenye VVU kimewahi kukutwa hata ndani ya chembe zinazolinda mwili. Rudi baada ya miezi mitatu tupime tena."

Miezi hiyo nilivuna na kupura ulezi bila kupumzika, ili nisifikirie. Juzi nimerudi Sumbawanga. Daktari akasoma karatasi mara mbili, akasema, "Hakipo, mama." Nililia mpaka akaniletea kiti, kumbe nilikuwa nimeshakaa.

Sikukuambia kwa sababu ulishanililia mara moja, tulipojua habari ya VVU, nikaona inatosha. Nisamehe. Njoo mwezi ujao, na huyo mchumba unayemficha umlete nimwone.

Mama yako anayekungoja,
Albina