Flashi Nyekundu Ndiyo Mlango

Baba Hsiu-wen,

Uji wa viazi vitamu uko kwenye sufuria. Kompyuta inajisafisha, USIIZIME. Waya wa intaneti nimeuchomoa makusudi, usiurudishe. Na ile paketi ya kijani ya vitafunwa juu ya kompyuta ni ya kompyuta, kama desturi ya huku ya kuwekea mashine vitafunwa vya kijani ili itulie isiharibike, si yako. Jana niliona makombo.

Nilinuna asubuhi, na sababu unaijua. Mara tatu nimetoa virusi, mara tatu vimerudi, nawe unanicheka: "Mama Hsiu-wen, kubali tu, vimekushinda." Vinishinde mimi? Leo kompyuta ilikuwa imetakata. Ukaja, ukachomeka flashi yako nyekundu, matangazo ya kamari yakajaa kioo kizima. Hapo ndipo nilipomkamata mwizi. Analala kwenye flashi, na wewe ndiye unayemfungulia mlango kila siku.

~~Nimeitupa.~~ Nimeifuta yote, halafu nikaanza kusafisha kompyuta upya. Safari hii havirudi.

Usianze kupiga kelele. Najua kwa nini huachani nayo: ni sauti ya marehemu mama yako akiimba. Kabla ya kufuta niliutoa wimbo huo peke yake, nikaukagua, nikauweka kwenye flashi nyeupe. Iko chini ya bakuli lako.

Nimeusikiliza mpaka mwisho. Akishamaliza kuimba, anasikika akimwambia mtu, "Supu ya huyu mkwe wangu haina chumvi kabisa."

Kipande hicho sikukikata.

Mama Hsiu-wen